Dereva wa kusambaza mizigo: jinsi ya kupinga ripoti ya traka isiyo sahihi

Madereva wengi hawachukii traka yenyewe, yaani kifaa cha kufuatilia gari lilipo, maana inasaidia gari likiibwa. Kinachouma ni kukatwa mshahara kwa safari ambayo hukufanya.

Kwanza elewa kosa linatoka wapi. Traka hujua gari lilipo kwa GPS, yaani mawimbi ya setilaiti; mahali pa wazi, GPS hukosea kwa mita 5 hivi. Katikati ya majengo marefu ya Nairobi, mawimbi ya setilaiti hugonga kuta kabla ya kukifikia kifaa, na gari lililosimama huonekana likizunguka au kuruka hadi barabara ya pili. Kwa hiyo ukiegesha, piga picha moja inayoonyesha dashibodi, yaani odomita (kihesabu cha kilomita) na saa pamoja. Odomita haidanganywi na ukuta.

Simu ya kazi nayo ina yake. Zima hali ya kuokoa chaji kwa programu ya kampuni, la sivyo Android inaweza kuisimamisha skrini ikizimika, na ofisini utaonekana umetoweka. Pasipo mtandao, chukua sahihi ya mteja kama kawaida, kisha mtandao ukirudi hakikisha imetumwa ofisini kabla ya kufunga programu.

Ukishutumiwa, usibishane kwa mdomo. Omba kwa maandishi rekodi kamili ya siku hiyo: saa, mwendo, na kama injini ilikuwa imewashwa. Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuziona taarifa zako na kudai zisahihishwe. Tanzania ina sheria yake ya 2022. Mwendo sufuri na injini imezimwa, huku ramani ikionyesha mizunguko: hapo kosa ni la mawimbi.