Jinsi ya kuandika ombi la ufadhili wa utafiti wa ethnobiolojia ukiwa Arusha au Moshi

Wanafunzi wengi wanaoniletea rasimu zao huanza na mfadhili: nani anatoa fedha, anatoa kiasi gani, dirisha linafungwa lini. Naomba tuanzie kwingine. Ethnobiolojia inahusu maarifa ya watu juu ya mimea na wanyama wanaoishi nao, na maarifa hayo yana wenyewe. Nikisoma ombi, la kwanza ninalolitafuta ni kama wenyewe hao wameshaulizwa na kama wana chao ndani ya mradi. Ombi lililokosa hilo linasomeka kama barua ya mtu anayeomba nauli ya kwenda kuchukua vitu vya watu.

Mwongozo huu ni kwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili au uzamivu, au mtafiti anayeanza, ambaye kazi yake ya uwandani itakuwa Kilimanjaro au Arusha.

Hatua ya 1: Punguza swali mpaka liingie kijiji kimoja au viwili

Huku kaskazini mada hazikauki. Vihamba vya Kilimanjaro, yaani mashamba ya nyumbani yenye migomba, kahawa na miti, vimesomwa tangu zamani, na mtafiti Andreas Hemp alikuta humo aina zaidi ya 500 za mimea, nyingi zikiwa za kujiotea tu. Mwaka 2011 FAO ilikitambua kihamba cha Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu wa kidunia. Arusha kuna Wamaasai na supu zao za magome na mizizi, kuna Wameru na Waarusha kwenye miteremko ya Meru, na ukishuka Ziwa Eyasi kuna Wahadzabe na ndege anayewaongoza kwenye asali.

Utajiri huo ndio unaowaponza watu. Rasimu inakuja imeandikwa: "Utafiti huu unalenga kuorodhesha mimea dawa inayotumiwa na Wachaga." Wachaga wa wapi? Wa Machame, Kibosho, Vunjo au Rombo? Majina ya mimea yenyewe hubadilika ukivuka mto mmoja. Halafu orodha za mimea dawa zimeshaandikwa nyingi, na wapitiaji wa maombi wamezichoka.

Linganisha na hii:

"Katika vijiji viwili vya Old Moshi, kimoja kikiwa jirani na msitu na kingine chini karibu na barabara kuu, wapika mbege wanapata wapi magome ya msesewe: kihambani mwao, kwa jirani au sokoni? Na miti inayobanduliwa inapona au inakufa?"

Msesewe ni Rauvolfia caffra, mti ambao magome yake machungu huingia kwenye mbege, pombe ya Wachaga, pamoja na ndizi na kimea cha ulezi. Swali hili lina mmea mmoja, kundi la watu linaloeleweka, mahali, na kitu cha kupima kwa macho na kwa kamba ya kupimia. Lina uhifadhi ndani yake bila kulazimishwa. Hata ukikuta miti yote ni mizima, bado una jibu lenye maana.

Jaribu swali lako hivi: lieleze kwa Kiswahili, kwa sentensi tatu, kwa mama anayeuza mbege. Asipoelewa unachotaka kujua, rudi mezani. Kiingereza cha ombi kitafuata baadaye, na kitakuwa kizuri zaidi kwa sababu wazo limeshanyooka.

Hatua ya 2: Nenda kijijini kabla ya kuandika

Hapa ndipo ombi linapopatikana, na hapa ndipo watu wanaporuka.

Ziara hii si ya kukusanya data. Huna kibali bado, kwa hiyo usiandike majibu ya mtu, usirekodi, usichume. Unakwenda kujitambulisha na kuuliza kama kazi hii inakubalika. Anza kwa mtendaji wa kijiji, yeye akupeleke kwa mwenyekiti wa kijiji na wa kitongoji, kisha omba kukutana na wazee na akina mama wachache. Ukifika kwa mzee, maneno yanatosha kuwa haya:

"Shikamoo babu. Nimekuja kuuliza tu, sijaja kuandika. Ningependa kusoma habari za msesewe na mbege. Nikipata kibali na fedha nitarudi, nitauliza maswali, na nitaomba tawi dogo la mti nilikaushe lipelekwe Arusha likahifadhiwe. Kukiwa na jambo lisilofaa kuandikwa, uniambie na sitaliandika. Na mkiona kazi yote haifai, semeni tu, hakuna ubaya."

Kisha nyamaza usikilize. Watakuambia wanachokitaka wao. Pengine ni kijitabu cha majina ya mimea kwa Kichaga kwa ajili ya shule ya msingi, pengine ni kitalu cha miche, pengine ni kuja tu kuwasomea matokeo kwenye mkutano wa kijiji. Chochote watakachosema, kiandike kama sehemu ya mradi, chenye mstari wake kwenye bajeti. Usiahidi usichokiweza, maana mtafiti atakayefuata baada yako ndiye atakayelipia ahadi yako.

Jambo hili lina mizizi katika fani yenyewe. Mwaka 1988 huko Belém, Brazil, mkutano wa kwanza wa kimataifa wa ethnobiolojia ulitoa tamko lililosema wazi kwamba wenye maarifa ya asili wanastahili kulipwa kwa maarifa yao. International Society of Ethnobiology, chama kilichozaliwa kwenye mkutano huo, kilipitisha kanuni zake za maadili mwaka 2006. Zisome kabla hujaandika aya yako ya maadili. Ridhaa iwe ya ngazi mbili: kijiji kwa pamoja, na kila mtu kwa nafsi yake. Mganga ana haki ya kukueleza habari za mti mmoja na kukunyima za mwingine, na andiko lako liseme kwamba utaiheshimu haki hiyo hata kwenye uchapishaji.

Kwa nini nasisitiza? Waliokuwepo 2011 wanakumbuka foleni za magari kwenda Samunge, Loliondo, kwa ajili ya kikombe cha dawa ya mti wa mugariga. Habari za mti mmoja zikisambaa, mti na majirani zake hubeba mzigo wote. Makala yako ikisomwa na watu wengi nayo inaweza kuleta mzigo kama huo.

Hatua ya 3: Sasa tafuta mfadhili anayelingana na swali

Society for Economic Botany ina tuzo yenye jina la Richard Evans Schultes, inayosaidia gharama za uwandani za wanafunzi walio wanachama. Jiunge kwanza, ada ya mwanafunzi ni nafuu kuliko ya wengine. Society of Ethnobiology nayo hutoa ufadhili wa utafiti kwa wanafunzi wa ngazi za juu, na ina tuzo ya Barbara Lawrence kwa mwanafunzi mwenye makala bora. Fedha za vyama hivi ni ndogo. Zinatosha msimu mmoja wa uwandani, na jina la tuzo linakusaidia kwenye maombi makubwa ya baadaye.

International Society of Ethnobiology ilianzisha ufadhili kwa jina la Darrell Posey, mwanaanthropolojia aliyeongoza mkutano ule wa Belém. Huo unahusu haki za jamii juu ya rasilimali zao, kwa hiyo swali la kemia ya mmea halina nafasi pale.

Kama swali lako limeegemea uhifadhi, angalia Rufford Foundation ya London. Wanafadhili miradi midogo ya uhifadhi katika nchi kama yetu na wanataka wadhamini wa kukuthibitisha. Ada ya masomo usiwaombe. International Foundation for Science ya Stockholm, iliyoanzishwa 1972, inawalenga wanasayansi wanaoanza katika nchi zinazoendelea. Swali la uzamivu lenye anthropolojia ya kweli ndani yake lipeleke Wenner-Gren Foundation: hawajali uraia wako, lakini wapitiaji wao watauliza hoja yako ya kinadharia ni ipi, na orodha ya mimea haitawajibu.

Mtu akikutumia tangazo la Anne S. Chatham Fellowship la tiba ya mimea, soma masharti kabla ya kufurahi: ni kwa walio kwenye vyuo vya Marekani au waliopata uzamivu wao huko. Masharti ya kila mfadhili hubadilika, kwa hiyo soma ya mwaka huu kwenye tovuti yao yenyewe, usitegemee picha iliyozunguka kwenye kundi la WhatsApp.

Hatua ya 4: Panga vibali kwa mfuatano wake

Mwanafunzi Mtanzania huanza na barua ya chuo chake, awe Nelson Mandela, Mweka au kwingine. Barua inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani na halmashauri, kata, mpaka kijiji. Mgeni au mwenye mshirika wa nje anahitaji pia kibali cha COSTECH, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia. Ukiuliza habari za ugonjwa na tiba, unahitaji kamati ya maadili ya utafiti wa afya, na kwa Moshi watu wengi hupitia ya hospitali ya KCMC. Kazi inayoingia hifadhini inahitaji vibali vya TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, na TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Kumbuka kwamba msitu wa Kilimanjaro uliingizwa kwenye hifadhi ya taifa mwaka 2005, kwa hiyo mti unaouona umbali wa hatua chache juu ya kihamba unaweza kuwa chini ya sheria nyingine kabisa.

Kwenye ombi, onyesha kila kibali kitaombwa mwezi gani. Anza kuhesabu kutoka msimu unaoutaka urudi nyuma. Masika, Machi hadi Mei, barabara za juu Rombo na Kibosho ni tope tupu, ingawa mimea mingi huchanua vizuri baada ya mvua.

Hatua ya 5: Eleza vielelezo vya mimea kwa undani

Hapa mpitiaji aliyebobea humtambua anayeijua kazi. Jina la Kichaga peke yake halitoshi, na picha ya simu haitoshi. Kila mmea unaoutaja uwe na kielelezo kilichokaushwa na kuwekwa kwenye herbaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa. Tuna bahati: Herbaria ya Taifa iko Ngaramtoni nje kidogo ya Arusha, kwenye taasisi ya viuatilifu tuliyozoea kuiita TPRI, siku hizi TPHPA. Nenda ukaongee nao mapema, uulize utaratibu na gharama za utambuzi, kisha andika kwenye ombi kwamba mmekubaliana.

Kazi yenyewe ni hii. Kata tawi lenye majani na maua au matunda, lisilozidi ukubwa wa gazeti lililokunjwa. Litandaze ndani ya gazeti, jani moja uligeuze ili mgongo wake uonekane. Weka boksi gumu juu na chini, panga matawi mengine, kisha funga yote kati ya mbao mbili kwa mkanda ulioukaza kwa goti. Kwa unyevu wa Marangu badilisha magazeti kila siku, la sivyo majani yatakuwa meusi na kuota ukungu. Daftarini andika papo hapo, mtini pale pale: namba yako ya ukusanyaji, tarehe, kijiji, mwinuko, GPS, rangi ya ua (ikikauka itapotea), jina la kienyeji na lahaja yake, na matumizi. Jina la aliyekueleza litaandikwa ikiwa tu ameridhia.

Majina ya kisayansi yahakiki kwenye Plants of the World Online ya Kew. Olkiloriti ya Wamaasai, watu wengi bado wanaiandika Acacia nilotica, wakati siku hizi ni Vachellia nilotica. Na ukifikiria kupeleka sampuli za mkondekonde, Prunus africana, maabara ya nje, ujue umo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu 1995 na unahitaji vibali vya kusafirisha.

Hatua ya 6: Bajeti iwe na watu ndani yake

Andika kwa hesabu inayoonekana: siku mara watu mara bei. Bodaboda ya kupanda kijijini, Noah ya kwenda Ngaramtoni, posho ya mkalimani, chai na chakula siku ya mkutano, gharama za herbaria, vocha ya intaneti. Mzee anayeacha shamba lake nusu siku kukuongoza afidiwe muda huo kwa kiwango kile kile kwa wote, kiwango ambacho mmekubaliana na kijiji. Kama mila inataka uende na kitu mkononi, sukari au majani ya chai, kiandike pia, mfadhili makini ataelewa.

Mstari wa kurudisha matokeo usiuache mwisho ukiwa na kiasi kilichobaki. Uupe fedha kamili: uchapaji wa kijitabu, nauli ya kurudi, ukumbi. Fedha zikipunguzwa, punguza idadi ya vijiji kwanza.

Hatua ya 7: Tuma

Waombe wadhamini barua mwezi mzima kabla, uwape na muhtasari wako wa ukurasa mmoja. Ambatisha barua ya kijiji, hata kama hawajaiomba, pamoja na tafsiri yake ya Kiingereza. Tuma siku mbili tatu kabla ya tarehe ya mwisho, na uangalie saa imeandikwa kwa majira ya nchi gani.

Jibu likija la hapana, andika kuomba maoni ya wapitiaji. Lolote litakalokuja, mpigie simu mtendaji wa kijiji wiki hiyo hiyo umweleze, ili nao wajue kama wakusubiri msimu huu au ujao.