Baiskeli ya kuegama kwa mtu mzima: kazi yote iko kwenye kuondoka

Nazungumzia baiskeli ile ya kiti chenye mgongo, unayoiendesha ukiwa umeegama, miguu ikinyooka mbele na pedali zikiwa karibu usawa wa makalio. Wanaotaka kujifunza ukubwani huwa wa aina mbili. Kuna ambaye hajawahi kuendesha baiskeli yoyote, na kuna aliyeendesha ya kawaida tangu utotoni, sasa kiuno au viganja vimemchosha. Huyu wa pili ndiye anayenipa kazi, kwa sababu mwili wake umejaa mazoea ambayo hapa hayana faida. Niliyemfundisha karibuni alikuwa wa aina hiyo, na maswali yake ndiyo yaliyonifanya niandike.

Kofia, upepo wa tairi na breki najua utavishughulikia mwenyewe.

Hatua ya 1: Pata baiskeli ya kujifunzia

Ziko ndefu, ambazo gurudumu la mbele linatangulia pedali, na ziko fupi, ambazo pedali ndizo zinazotangulia na gurudumu liko karibu chini ya magoti. Halafu ziko zile za mashindano, kiti kikiwa karibu kugusa lami. Mwanafunzi apewe ndefu. Ikikosekana, fupi yenye kiti cha urefu wa kiti cha kawaida cha mezani au chini yake kidogo, ili nyayo zote mbili zikanyage ardhi bila kunyooshwa.

Watu wengi hudhani iliyo chini zaidi ndiyo rahisi, maana ukianguka huendi mbali. Kweli huendi mbali, lakini utaanguka mara nyingi zaidi. Simamisha ufagio kwenye kiganja, kisha ujaribu na kalamu. Ufagio huinama polepole, unapata muda wa kuufuata kwa mkono. Kalamu imeshalala kabla hujawaza. Baiskeli ya chini inadai mikono iliyozoea.

Kuhusu usukani, nachagua ulio juu ya mapaja. Ule wa chini ya kiti unapumzisha mabega vizuri sana, ila mwanafunzi haioni mikono yake na hajui inafanya nini.

Ya magurudumu matatu ni chombo kingine. Kama una tatizo la kiafya linaloathiri mizani ya mwili, nunua hiyo na ufurahie safari, sina neno. Lakini usiipande ukidhani ni ngazi ya kufikia ya magurudumu mawili. Haianguki, kwa hiyo haikufundishi kuizuia isianguke.

Hatua ya 2: Pima mguu

Vaa viatu utakavyoendeshea. Kaa, mgongo uguse kiti chote, weka kisigino juu ya pedali iliyo mbali nawe kabisa. Goti linyooke. Ukirudisha pedali chini ya sehemu pana ya wayo, goti litabaki limekunjika kidogo, na hapo ndipo pake. Usipuuze kipimo hiki. Kwenye baiskeli ya kawaida nguvu ya kukanyaga inaishia kwenye uzito wako. Hapa mgongo unaegemea kiti na unaweza kusukuma kwa nguvu kubwa kuliko uzito huo. Pedali zikiwa karibu mno, magoti ndiyo yatakayolipa. Zikiwa mbali mno, nyonga zitacheza huku na huku na utaumia nyuma ya kisigino.

Baiskeli nyingine husogezwa kiti. Nyingine husogezwa bomba la mbele linalobeba pedali, na hapo kumbuka kuwa mnyororo nao huenda ukahitaji kuongezwa au kupunguzwa pingili. Mgongo wa kiti usimamishe kiasi kwa sasa. Kulala sana kutakuja baadaye.

Hatua ya 3: Mteremko bila kunyonga

Tafuta mteremko mdogo, laini, usio na magari, unaoishia kwenye tambarare. Kaa, shika breki, inua nyayo kidogo tu kutoka ardhini, achia. Shuka. Funga breki. Rudia mpaka uchoke na mchezo wenyewe. Kisha shuka mguu mmoja ukiwa juu ya pedali, kisha miwili, bado bila kunyonga.

Onyo moja. Baiskeli ikishakimbia, usishushe mguu chini kujizuia. Miguu yako iko mbele ya kiti. Wayo ukinasa ardhi, baiskeli inaendelea mbele na mguu unavutwa kuingia chini yake. Kifundo kinaweza kuvunjika hivyo. Cha kujizuia nacho ni breki.

Hatua ya 4: Kuondoka

Hapa ndipo saa zinapopotea, kwa hiyo nitakaa.

Baiskeli ya kawaida unaisaidia kwa mwili: unainama, unasogeza kiuno, unasimama juu ya pedali. Ukiwa umeegama huna hata kimoja cha hivyo. Kinachokuweka wima ni usukani pekee, unaougeuza kidogo kuelekea upande unaoangukia ili magurudumu yarudi chini yako. Usukani nao haufanyi kazi vizuri mpaka pawe na mwendo. Kwa hiyo kuondoka maana yake ni kutoka kwenye kusimama hadi kwenye mwendo wa mtu anayekimbia polepole, upesi iwezekanavyo. Mengine yote ninayoyasema hapa yanatumikia hilo.

Anza na gia. Nyepesi kabisa haifai: mguu unamaliza mzunguko kabla baiskeli haijapata mwendo. Nzito haifai pia, utasukuma ukuta. Chukua ya pili au ya tatu kuanzia iliyo nyepesi. Na kama gia zako ni zile za mnyororo kuruka kutoka jino hadi jino, hazibadiliki ukiwa umesimama, hivyo gia ya kuondokea unaiweka kabla ya kusimama. Zenye gia ndani ya kitovu cha gurudumu hazina shida hiyo, na kwa mtu wa mjini ndizo ninazozipenda.

Shika breki. Rudisha pedali ya mguu wenye nguvu mpaka iwe imeshapita pale ilipo karibu nawe kabisa na imeanza kupanda kwenda juu. Ikiwa bado iko kwenye ukaribu wenyewe, msukumo wako hauna pa kwenda. Ikiwa imeshafika juu na kuelekea mbele, umejinyima nusu ya msukumo.

Sasa mgongo. Aliyezoea baiskeli ya kawaida atainama mbele bila kujijua, na hapo anakosa mahali pa kujikazia. Mabega yaguse kiti kabla ya kuachia breki na yabaki hapo.

Sukuma. Mara moja, kwa nguvu, mpaka mguu unyooke. Mguu wa pili unyanyuke wakati huohuo, usibaki unaning'inia kama mgeni asiyejua akae wapi. Hofu hukuambia usukume taratibu, lakini taratibu ndiyo mwendo ambao usukani haukusikii. Mguu wa pili ukikosa pedali, usiitafute kwa macho. Acha baiskeli iserereke, ulishaizoea kule mteremkoni, funga breki, uanze tena. Pedali ziko mbele ya uso wako kabisa, na kuziangalia ni mtego. Macho yawe mbali, pale unapotaka kufika.

Baada ya mizunguko michache utaona baiskeli inakwenda nyoka, kulia, kushoto, kwa kila mkanyago. Tatizo hilo liko mikononi. Kila mguu unaposukuma, mkono wa upande wake unavuta usukani. Shika usukani kwa kidole gumba na cha shahada tu, viwiko vishuke, kisha zungumza kwa sauti au imba. Nasema kweli: anayeimba hawezi kubana pumzi, na asiyebana pumzi habani mabega.

Rafiki wa kushika kiti kwa nyuma simtaki. Akishika, anayehisi kuinama na kurekebisha ni yeye, wewe unabebwa tu. Kama ni lazima awepo, atembee pembeni, mikono mfukoni.

Tambarare ikikugomea, rudi kwenye mteremko ule mdogo uondokee hapo, halafu punguza mteremko kidogo kidogo. Mlimani usijaribu kwa sasa. Na shingo au mapaja yakianza kutetemeka, acha, uendelee siku nyingine. Misuli iliyochoka inabana, na ukibana unarudi kwenye kwenda nyoka.

Hatua ya 5: Kusimama

Shusha gia, breki zote mbili, mguu chini wakati magurudumu yamekwisha kutulia.

Hatua ya 6: Kona

Kwenye baiskeli fupi kisigino kinaweza kugusa gurudumu la mbele ukikata kona kali. Acha kunyonga, zisimamishe pedali mahali ambapo kisigino kiko salama, pita, kisha endelea. Kugeuza kabisa kwenye njia nyembamba, shuka uigeuze kwa mkono.

Hatua ya 7: Barabarani na vilimani

Huwezi kusimama juu ya pedali, basi vilima ni vya gia nyepesi na miguu inayozunguka haraka. Misuli inayofanya kazi si ileile ya zamani, na itachukua wiki kadhaa kuzoea hata kama una mapaja ya mkimbiaji. Tambarare ndiko utakakorudishiwa, kwa kuwa mwili ulioegama hukata upepo vizuri. Mwaka 1933 Mfaransa Francis Faure alipanda baiskeli ya kuegama iliyotengenezwa na Charles Mochet akavunja rekodi ya umbali unaoendeshwa kwa saa moja, zaidi ya kilomita 45, na mwaka uliofuata shirikisho la kimataifa la mbio za baiskeli, UCI, likaamua kwamba chombo cha namna hiyo hakihesabiwi. Ndiyo sababu huzioni kwenye mbio kubwa.

Shimo nalo hulikwepi kwa kuinuka kitini, kwa hiyo lione mapema na upunguze mwendo. Kioo cha kutazama nyuma si pambo, maana ukiegama kugeuza kichwa ni vigumu. Bendera juu ya mlingoti mrefu inasaidia madereva kukuona.

Baadaye, kuondoka kukishakuwa jambo usilolifikiria, funga viatu kwenye pedali, kwa viatu maalumu au hata mikanda. Pedali zikiwa juu, mguu ulioteleza unaangukia ardhini, na onyo la hatua ya tatu bado lipo. Ukisikia ganzi nyayoni, legeza kamba za viatu kwanza, kisha sogeza pedali ije karibu zaidi na katikati ya wayo.