Ndege za bei nafuu: bei inavyopanda na lini ukate tiketi

Swali ninaloulizwa kila mara ni moja tu, nikate tiketi sasa hivi au nisubiri bei ishuke? Kwa ndege za bei nafuu jibu langu karibu kila siku ni lile lile, kama tarehe unazijua na hela unayo, kata. Najua linasikika kirahisi ila nimeona watu wanaumia kwa kusubiri, mtu anaiona tiketi nzuri Jumatatu anasema ngoja niangalie mpaka wikiendi, wikiendi ikifika imeshapanda mara mbili alafu anaamini kuna mtu kamchezea.

Hamna aliyekuchezea. Ndani ya ndege moja siti hazina bei moja, hilo ndo la kwanza kulielewa. Chukua ndege aina ya Boeing 737-800, Ryanair, shirika la bei nafuu la Ireland, wanaweka siti 189 humo ndani, sasa kwenye kompyuta zile siti hazikai kama fungu moja, zimegawanywa kwenye mafungu ya bei kama ngazi, fungu la chini kabisa lina siti chache tu na ndo hilo linalotangazwa kwa maandishi makubwa "kuanzia", zikiisha linafungwa linafunguliwa la juu yake, hilo nalo likiisha mnapanda tena. Kwa hiyo jirani yako hapo kwenye siti, goti kwa goti, anaweza kuwa kalipa theluthi ya ulicholipa wewe na mnafika saa ile ile.

Alafu kuna watu na programu kazi yao ni kuangalia ndege inajaa kwa kasi gani ukilinganisha na walivyotegemea. Ikijaa haraka wanafunga mafungu ya chini mapema. Ikilegalega wanaweza kurudisha siti kadhaa kwenye fungu la chini, na ndo maana ni kweli bei huwa inashuka wakati mwingine, siwezi kukudanganya, ila usijenge safari yako juu ya hilo. Tangu easyJet, shirika la bei nafuu la Uingereza, waanze kuruka kutoka Luton karibu na London kwenda Glasgow Novemba 1995 kwa pauni 29, mashirika ya aina hii yamewazoesha watu kwamba anayewahi ndo anapata kidogo na anayechelewa ndo analipa. Na ukifikiria ina mantiki, anayekata tiketi siku 2 kabla mara nyingi ana msiba, ana mgonjwa, au kaitwa kazini ghafla, hana ujanja, atalipa tu, sasa kwa nini wamuuzie rahisi?

Sasa hapa kuna kitu nataka ukishike vizuri mana kinaokoa hela kweli. Mkiwa wengi, usitafute kwa idadi yenu nyote peke yake. Juzi nilikuwa nawatafutia ndugu zangu 4, nikaweka watu 4 skrini ikaniandikia 62 kwa kila mmoja. Nikarudi nikaweka mtu 1, ikaja 41. Watu 2, bado 41. Watu 3, ikaruka 62. Maana yake nini, kwenye fungu la chini zilibaki siti 2 tu, na mifumo mingi ukiomba siti 4 kwa mpigo inatafuta fungu linaloweza kuwabeba wote wanne kwa pamoja, basi wote mnalipa bei ya juu. Nikakata wawili kwa 41, dakika ile ile nikakata wawili waliobaki kwa 62, hapo nimeokoa 42 kwa kubonyeza mara chache tu. Angalizo ni kwamba mnakuwa na namba 2 za tiketi, kwa hiyo mtoto asitenganishwe na mkubwa wake, na msitegemee mfumo uwapangie siti pamoja.

Lini sasa. Safari fupi ya siku za kawaida mimi naanza kuangalia kama miezi 3 kabla na nakata kati ya hapo na mwezi 1 kabla, wiki 2 za mwisho ni za hatari, hapo ngazi inapandwa haraka sana. Sikukuu na likizo za shule ni habari nyingine kabisa, hapo usisubiri mpaka ibaki miezi 3, kata mara tu ratiba inapofunguliwa. Ratiba za ndege zinaenda kwa misimu 2, wa joto unaanza Jumapili ya mwisho ya Machi na wa baridi Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na mashirika mengi ya bei nafuu yanaachia tiketi za msimu kwa mkupuo, siku hizo za mwanzo ndo yale mafungu ya chini bado yapo hata kwa tarehe ambazo kila mtu anazitaka.

Ile habari kwamba tiketi ni rahisi ukinunua Jumanne usiku achana nayo. Siku ya kuruka ndo ina maana, katikati ya wiki na ndege ya alfajiri mara nyingi ni nafuu kuliko Ijumaa jioni au Jumapili. Na kufuta kuki, yale mafaili ambayo tovuti inayaacha kwenye simu au kompyuta yako ili ikukumbuke, au kufungua dirisha la faragha ili tovuti isijue umeshatafuta, fanya kama inakupa amani, ila ukiona bei imepanda ghafla mara nyingi ni kwamba mtu kanunua siti ya mwisho ya fungu lile, au tovuti ya kulinganisha bei ilikuonyesha bei ya zamani. Weka arifa kwenye Google Flights, huduma ya Google ya kutafuta bei za ndege, ikufanyie kazi ya kuangalia, alafu kununua nenda kwenye tovuti ya shirika lenyewe, ndege ikiahirishwa unadai sehemu moja.

Kabla hujalipa, hesabu jumla. Begi, siti, kucheki-in, na usafiri wa kutoka eapoti, mana kuna eapoti ina jina la mji na iko mbali nao, Beauvais inauzwa kama Paris na ni safari ya kama kilomita 80. Mimi niliwahi kulipia begi pale getini hela nyingi kuliko tiketi yenyewe, begi lilizidi kwa magurudumu tu, yani vidole viwili. Tangu siku hiyo napima na futi nyumbani, magurudumu na mkono wa begi pamoja, na kama linazidi nalilipia siku ile ile ninapokata tiketi.

Wakikuuliza ulipe kwa sarafu ya kadi yako au sarafu ambayo tiketi imewekewa bei, chagua ya tiketi, badilishio lao huwa baya. Jina andika kama lilivyo kwenye pasi ya kusafiria, herufi kwa herufi, soma mara 2 kabla ya kubonyeza. Kwa safari za kwenda au kutoka Marekani ukinunua kwa shirika lenyewe siku 7 au zaidi kabla ya kuruka, sheria inalitaka likupe saa 24 za kufuta bila kukatwa au likushikilie bei kwa muda huo bila kulipa, kwingine soma masharti kwanza mana wengi hela hairudi.