Kuku wa uani na yai la haki

Anayetaka kufuga kuku wachache uani ili ale mayai bila kusutwa na dhamiri, mara nyingi huanza kwa kuchora banda. Mimi humshauri aanze na swali la kuku watoke wapi. Dhuluma kubwa katika biashara ya mayai hutokea kabla tetea hajataga hata yai moja, na banda zuri haliwezi kuifuta.

Kuku chotara wa mayai amezalishwa kwa kazi moja tu. Kaka zake hawatagi, na kwa kuwa hawanenepi haraka kama kuku wa nyama, hawana mnunuzi. Viwanda vya kutotolesha huwaua siku ileile wanapoanguliwa, kwa gesi au kwa kusagwa. Duniani kote huhesabiwa kwa mabilioni kila mwaka. Ujerumani ilipiga marufuku jambo hili kuanzia 2022 na Ufaransa ikafuata 2023, na huko sasa kuna viwanda vinavyopima jinsia ya kiinitete yai likiwa bado halijaanguliwa. Kwingi duniani hali haijabadilika. Mtu akiagiza vifaranga sita wa kutaga, majike watupu, kutoka kwenye kiwanda cha namna hiyo, ameshiriki pia katika vifo vya madume sita, hata kama hao majike wataishi kwenye bustani.

Zipo njia tatu za kuepuka hilo, na hakuna isiyo na gharama. Ya kwanza ni kuchukua matetea waliomaliza msimu wao wa kwanza kwenye mashamba makubwa. Hao huondolewa wakiwa na umri wa mwaka mmoja na nusu hivi, si kwa sababu wameacha kutaga bali kwa sababu mayai yamepungua kiasi cha kumtia hasara mwenye shamba. Wengi wao watakutagia kwa muda. Watakuja na manyoya yaliyonyonyoka na midomo iliyokatwa ncha, na baadhi hawatakaa sana, kwa hiyo uwe tayari kuuguza na kuzika. Ya pili ni kununua vifaranga mchanganyiko, madume na majike, wa mbegu inayofaa kwa nyama na mayai. Ya tatu ni kuwa na mbegu ya asili na kumwacha koo aatamie mwenyewe siku 21.

Njia ya pili na ya tatu zinaleta majogoo. Karibu nusu ya vifaranga watakuwa madume, na hesabu hiyo haibembelezeki. Jogoo mmoja anatosha kwa matetea kumi hivi. Ukiwazidisha, matetea watapandwa hadi migongo ibaki wazi. Kwa hiyo amua mapema, kabla mayai hayajawekwa chini ya koo: je, mapora, yaani majogoo wachanga, wa ziada watachinjwa wakishakomaa, au utawatengea ua wao? Majogoo waliokua pamoja huweza kukaa kwa amani ikiwa hakuna jike wa kugombea. Kwa anayekula nyama, naona pora aliyeishi miezi mitano juani na kuchinjwa kwa mkono wa mtu anayejua kazi ana malalamiko machache kuliko kifaranga aliyesagwa. Kwa asiyekula nyama, na hataki wala hawezi kulisha majogoo, njia ya kwanza ndiyo inayomfaa. Majirani wasiopenda kuamshwa alfajiri nao wahesabiwe. Na kumbuka kwamba tetea hahitaji jogoo ili atage. Yai lisilorutubishwa halina kifaranga ndani yake.

Mbegu nayo ina uzito wake katika suala la haki. Kuku wa mwituni wa misitu ya Asia, ambaye ndiye asili ya kuku wote tulio nao, hutaga mayai kumi hadi kumi na tano hivi kwa mwaka, kisha anaatamia. Chotara wa kisasa hutaga 300 au zaidi. Kila ganda huhitaji gramu mbili hivi za kalisi, na chakula kisipotosha, mwili huichota kwenye mifupa. Ndiyo sababu kuvunjika kwa mfupa wa kidari ni ugonjwa wa kawaida kwa kuku wa mayai, hata kwa wale wasiofungiwa. Kukwama kwa yai na kuoza kwa mayai yaliyopasukia tumboni pia huwaandama. Uhuru wa kutembea hauondoi mzigo huu, kwa sababu umo kwenye damu. Ukipata nafasi ya kuchagua, chagua kuku anayetaga mayai 150 au 180, na upunguze hamu yako ya mayai ilingane naye.

Hapo ndipo wengi huteleza. Kuku wa uani hupumzika. Siku zikifupika, au kuku akifikia wakati wa kupukutisha manyoya, kutaga husimama kwa wiki nane hadi kumi na mbili, na nguvu zote huenda kwenye manyoya mapya. Usiwashe taa bandani ili kumdanganya kwamba siku bado ni ndefu. Taa hiyo inafanya kazi kweli, kwani kwa saa 14 hadi 16 za mwanga kuku huendelea kutaga, lakini unakuwa umemnyima mapumziko ambayo ni haki ya mwili wake. Na kama katika miezi hiyo unarudi kununua trei ya mayai ya kuku waliofungiwa kwenye vizimba, au kama biskuti, keki na mayonezi za nyumbani kwako zimetengenezwa kwa mayai hayohayo mwaka mzima, basi umelipia kilekile ulichokikimbia. Kula vingine mpaka kuku wapone.

Huru si kutelekezwa

Neno «huru» kwenye kasha la mayai lina maana ya kisheria, na si pana sana. Katika Umoja wa Ulaya, yai hupigwa muhuri wenye tarakimu: 0 kwa ufugaji wa kilimo hai, 1 kwa kuku wanaotoka nje, 2 kwa waliofungiwa ghalani bila vizimba, 3 kwa vizimba. Vizimba vitupu vilipigwa marufuku huko tangu 2012, lakini vilivyoboreshwa bado vinaruhusiwa, na kila kuku hupewa sentimita za mraba 750, zaidi kidogo ya karatasi ya A4. Kuku wa namba 1 lazima awe na mita nne za mraba nje. Ndani, hata hivyo, huwa hadi kuku tisa kwa kila mita ya mraba, na kundi likiwa la maelfu wapo ambao hawaoni nje sana. Kwa anayenunua, namba 0 na 1 ni bora kwa mbali kuliko 3. Ila usidhani picha ya malisho iliyochorwa kwenye kasha ndiyo maisha yao.

Uani kosa huwa la upande wa pili. Watu hufungua mlango asubuhi, kuku hutawanyika, na mwenyewe hujiona amemaliza wajibu. Kuku aliyeachwa ajitafutie kila kitu ana njaa. Wadudu, majani na mbegu ni nyongeza nzuri, lakini tetea anayetaga anahitaji gramu 110 hadi 130 za chakula kwa siku, chenye protini asilimia 16 au 17 na kalisi asilimia 3.5 hadi 4. Ni rahisi zaidi kununua chakula kilichochanganywa kwa ajili ya kuku wa mayai kuliko kukisia. Maganda ya kombe au chokaa ya mifugo iliyosagwa iwekwe chombo chake pembeni, kila mmoja ale anachohitaji. Vifaranga na matemba, yaani majike wachanga ambao hawajaanza kutaga, wasipewe chakula cha watagaji, kwani kalisi nyingi huharibu figo zao. Nafaka yenye kuvu itupwe, hata kama ni gunia zima, kwa sababu sumukuvu huua ini la kuku na mabaki yake yanaweza kufika kwenye yai. Parachichi, maharagwe makavu yasiyopikwa, maganda ya viazi yaliyogeuka kijani na vyakula vyenye chumvi nyingi visifike kwao.

Maji: robo lita kwa kuku kwa siku, na maradufu kukiwa na joto. Kuku aliyekosa maji kwa siku moja anaweza kuacha kutaga kwa siku kadhaa.

Sasa uwanja wenyewe. Kuku ni ndege wa vichakani. Ukimpa uwanja mtupu uliofyekwa, atabanana karibu na ukuta wa banda akichungulia mwewe angani, na sehemu iliyobaki ni kama hajapewa. Panda vichaka, acha miti, au tegemeza mabati na matawi hapa na pale ili awe na kivuli na pa kukimbilia. Utaona wanaanza kufika hadi mwisho wa ua. Lazima pia pawe na mahali pa kuoga vumbi: udongo mkavu laini, mchanga na majivu kidogo ya kuni, chini ya paa mvua isipafikie. Kuoga vumbi si mchezo. Ndivyo anavyopunguza chawa na mafuta yaliyozidi kwenye manyoya, na kuku aliyenyimwa vumbi hufanya mwendo uleule juu ya waya mtupu.

Gawa ua sehemu mbili au tatu kwa senyenge na uwahamishe kwa zamu, kila sehemu ipumzike mpaka majani yasimame tena. Kuku watano wakikaa mahali pamoja mwaka mzima hugeuza nyasi kuwa matope yaliyojaa mayai ya minyoo na vimelea vya kuhara damu, ugonjwa unaoua vifaranga kwanza. Banda la kuhamisha lenye magurudumu husaidia kama eneo ni dogo.

Udongo uchunguzwe. Kuku humeza udongo kila anapodonoa, na kilichomo ardhini hupita hadi kwenye kiini cha yai. Karibu na nyumba kuukuu zilizopakwa rangi zenye risasi, gereji, au mahali palipokuwa pakichomwa plastiki na takataka, risasi na dioksini hubaki kwa miaka mingi. Ukiwa na shaka, peleka sampuli ya udongo maabara kabla ya kumlisha mtoto mayai hayo. Majivu ya takataka yasitumiwe kamwe kwenye vumbi la kuogea.

Usiku na magonjwa

Uhuru wa mchana hulipiwa kwa mlango madhubuti usiku. Waya laini wenye matundu makubwa humzuia kuku asitoke, lakini haumzuii kicheche, panya wala nyoka asiingie. Tumia wavu mgumu wenye matundu ya sentimita moja na kidogo, na uufukie chini kuzunguka banda. Fito za kulala ziwe juu kuliko viota, la sivyo watalala viotani na kuvichafua, na kila kuku apate sentimita 15 hadi 20 za ufito. Kiota kimoja, sentimita 30 kila upande, kinatosha kuku wanne. Ukiingia asubuhi na harufu ikakuchoma macho, hewa haitoshi na matandazo yamelowa.

Utitiri mwekundu hujificha kwenye nyufa za fito mchana na kunyonya damu usiku. Pitisha kitambaa cheupe chini ya ufito gizani. Kikitoka na madoa ya damu, ondoa kila kitu, osha kwa maji ya moto, ziba nyufa, na urudie baada ya wiki moja kwa sababu mayai yao yataangua.

Wapo wanaoamini kwamba kuku wa kuzurura ana kinga ya asili na hahitaji chanjo. Mdondo, ugonjwa uitwao pia kideri, haujui hilo. Ukiingia, unaweza kufagia banda zima ndani ya siku chache, na hauna tiba. Chanjo ya matone ya jicho ni rahisi kutoa mwenyewe na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne, kulingana na aina. Ndui na Gumboro nazo zina chanjo, na afisa mifugo atakupangia ratiba. Mamlaka zikitangaza mafua ya ndege, wafungie ndani bila kubishana. Ukimtibu kuku kwa dawa, soma muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye chupa na utupe mayai yote ya siku hizo.

Mayai yaokotwe kila siku, mara mbili kukiwa na joto. Yakiachwa yatavunjika, na kuku akishaonja yai ni vigumu kumwachisha. Sioni dhuluma katika kuchukua yai lisilorutubishwa, ilimradi aliyelitaga analishwa vya kutosha. Maganda yanaweza kukaushwa kwenye oveni, kusagwa na kurudishwa kwake. Anayetaka kuatamia bila mayai yenye mbegu asiachwe akakonda kiotani wiki kwa wiki: mtoe mara kadhaa kwa siku, ale na anywe, na ufunge kiota kile. Yai safi usilioshe, kwani ganda lina utando unaozuia vijidudu. Lenye uchafu mdogo lifutwe likiwa kavu.

Baki la hesabu ni uzee. Tetea aliyetunzwa anaweza kuishi miaka sita, minane, hata zaidi, na baada ya mwaka wa pili mayai hupungua kila msimu. Panga tangu mwanzo kama utamlisha mpaka mwisho au utamchinja, na kama ni kuchinja, jifunze kwa mwenye ujuzi ili iwe haraka. Kumgawa kwa mtu usiyemjua ni kumsukumia mwingine uamuzi. Ukitaka kundi liendelee kukupa mayai, ongeza wawili watatu kila baada ya miaka miwili badala ya kubadilisha wote. Wageni wakae mbali na wenyeji kwa wiki nne ukiwatazama kinyesi, macho na pumzi. Kisha waweke nyuma ya wavu wiki moja waonane, na siku ya kuwachanganya tandaza chakula sehemu nyingi ili mnyonge naye ale.