Somo: Kuchagua kabureta ya kubadilishia kwenye injini ya silinda sita

Hili ni la wenye Land Cruiser FJ60 na ndugu zake, injini ya 2F ya petroli, lita 4.2. Dodoma bado tunakutana nazo, na nyingi zinafuka moshi mweusi.

Hatua ya 1: Hakikisha kabureta, yaani kile kifaa kinachochanganya hewa na petroli, imekufa kweli. Angalia plagi, pointi na mipira ya vakyumu kwanza. Kisha shika mhimili wa kipepeo cha chini (kibati kinachofunguka ukikanyaga mafuta) uutikise. Ukicheza, hewa inapenya pembeni, na gasketi mpya haitaponya kitu.

Hatua ya 2: Ifungue, uende nayo dukani. Pima umbali wa matundu ya bolti na upana wa midomo ya kupitishia hewa. Kumwambia muuzaji "ya Land Cruiser" tu ni kumruhusu akupe chochote.

Hatua ya 3: Ukubwa. Hapa ndipo watu wanapopigwa. Injini hii inavuta ujazo wake mara moja kila mizunguko miwili. Kwa mizunguko 3,600 kwa dakika, lita 4.2 zinakupa lita 7,560 kwa dakika. Haijai yote, kwa hiyo chukua asilimia 80: kama lita 6,000, au futi za ujazo 214. Sasa mtu anakuletea kabureta ya V8 (injini ya silinda nane) ya futi za ujazo 500, eti gari itakuwa na nguvu! Hewa itapita polepole, itashindwa kunyonya petroli vizuri, na ukikanyaga gari inakohoa.

Hatua ya 4: Jeti, yaani kitundu kinachopima petroli inayopita. Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hewa ni nyepesi. Kabureta iliyosetiwa Dar huku itamwaga petroli kupita kiasi. Plagi ikiwa na masizi, shusha jeti kuu saizi moja. Ikiwa ya kahawia, iache.

MASWALI

Mkuu, kabureta ya Weber 32/36 inakaa kwenye injini hii?
Haikai moja kwa moja, inataka adapta. Na angalia presha ya pampu: Weber inapenda 2.5 mpaka 3.5 psi. Ikizidi, sindano ya floti (boya linalofunga petroli bakuli likijaa) inashindwa kuziba na petroli inafurika.

Kaka, niko Kondoa. Nimebadilisha, asubuhi iko poa, ila jua likiwaka nikizima haiwaki tena mpaka ipoe.
Pole dada. Ile gasketi nene ya kuzuia joto, kati ya kabureta na manifodi, ilirudishwa? Mafundi wengine wanaitupa. Bila hiyo petroli inachemka ndani ya bakuli.

Za Kichina vipi?
Zipo nzuri na zipo za kulia. Weka kitako chake juu ya kioo. Ikiyumba, mrudishie mwenyewe.

Yangu mpya inazima kila nikiachia mafuta.
Angalia waya wa solenoidi, ile vali ndogo ya umeme inayopitisha petroli ukiwa umeachia mafuta. Fungua swichi bila kuwasha injini, chomoa waya halafu uuchomeke tena. Lazima usikie "tik". Kimya? Tafuta umeme wa volti 12 kwanza kabla hujagusa skrubu yoyote.