Jinsi ya kujaza hazina ya ufalme uliochoka, staili ya Henry VII

Tuseme ni Agosti 1485, umeshinda vita pale Bosworth, mfalme Richard III kafa, taji unalo ila haki yako ya kulivaa ni ya kuungaunga tu. Miaka 14 umekaa uhamishoni Brittany na Ufaransa, huna uzoefu wowote wa kutawala, na Uingereza yenyewe imetoka kwenye miaka thelathini ya makabaila kuchinjana wenyewe kwa wenyewe. Hela hakuna. Henry VII alianzia hapo hapo, na alivyokufa 1509 alimwachia mwanae ufalme usio na deni, kitu ambacho wafalme wa zama zile walikuwa wanakiota tu. Njia zake ndo hizi, na nakuonya mapema kwamba nyingine ni chafu.

Kwanza kabisa cheza na tarehe. Vita vilipiganwa tarehe 22, we tangaza kwamba ufalme wako umeanza tarehe 21, kwa hiyo kila aliyesimama upande wa Richard siku ya vita anakuwa msaliti kisheria na mashamba yake unayachukua. Ujanja wa mchana kweupe, lakini bunge likapitisha. Halafu jivishe taji kwanza, Oktoba hiyo hiyo, kumwoa Elizabeth wa York, binti wa mfalme wa zamani Edward IV, subiri mpaka Januari 1486, asije mtu akasema umepata kiti kupitia mke.

Ukishakaa, kusanya ardhi. Mwaka 1486 bunge lilipitisha sheria ya kurudisha mashamba ya ufalme yaliyogawiwa tangu 1455, ila kuyarudisha ni nusu ya kazi, nusu ya pili ni kutoyagawa tena, na hapo ndo wafalme waliomtangulia walikuwa wanafeli maana kila ndugu na kila rafiki alitaka kipande. Henry hakuwa na kaka hai wa kumlisha. Mjomba... samahani, baba mdogo wake Jasper Tudor alipewa nyingi, akafa 1495 bila mtoto halali, zikarudi nyumbani. Mwaka huo huo William Stanley, mtu aliyemwokoa Henry pale Bosworth, alikatwa kichwa kwa kuhusishwa na Perkin Warbeck, yule kijana aliyejidai ni mtoto wa mfalme, na kwenye ngome yake zikakutwa fedha na vito vya zaidi ya pauni 9,000. Shukrani ina mwisho wake bana.

Ushuru wa forodha nao usiuchezee. Bunge la kwanza lilimpa haki ya kuukusanya maisha yake yote, kwa hiyo sufu na nguo zikitoka kwa wingi na mfalme anakula, ndo maana akasaini mkataba wa biashara na Netherlands 1496. Lakini angalia, 1493 yeye mwenyewe ndo aliifunga biashara hiyo hiyo kwa sababu Warbeck alikuwa anafugwa kule, wafanyabiashara wa London wakaumia na mapato yakaumia pia. Watu wanaomuita bahili huwa wanairuka hii. Kwake kiti kilikuja kwanza, hela ilikuwa ya kukilinda.

Sasa pesa ikiingia iweke wapi? Utaratibu wa zamani ilikuwa inapita ofisi ya hazina pale Westminster, makarani wengi, mwendo wa konokono, hesabu zinafungwa muda mrefu baada ya pesa kuliwa. Henry kwa kukosa uzoefu alianza kwa kuwaachia hao hao, mambo yakadorora, akageuka akaanza kuzielekeza pesa kwenye chumba chake binafsi ndani ya kasri. Mtunza fedha akawa Thomas Lovell, kuanzia 1492 John Heron, na mfalme mwenyewe alikuwa anapitia vitabu vya hesabu na kuweka sahihi yake. Kama unachukua kitu kimoja tu hapa chukua hiki. Mfalme anayejua leo jioni ana shilingi ngapi ni ngumu sana kumuibia.

Haya, tuje kwenye chafu lenyewe. Makabaila usiwaue ovyo, wafunge kwa madeni. Unamwita bwana mkubwa, unamsainisha hati kwamba akikosa utii atalipa kiasi fulani, wakati mwingine kiasi ambacho hawezi kukilipa hata auze kila kitu, halafu unamrudisha kwake. Hujamgusa, hujamfunga jela, ila kuanzia siku hiyo atalala akikuwaza wewe. Lord Bergavenny alipatikana na kosa la kuweka jeshi binafsi, mwaka 1507 akapigwa faini ya pauni 70,650, pesa ya kichaa kwa wakati ule, ikapunguzwa mpaka 5,000 za kulipa kwa miaka kumi na nyingine ikabaki inaning'inia kichwani kwake. Wanahistoria wamehesabu familia 62 za makabaila kipindi chake, na zaidi ya 40 kwa wakati fulani zilikuwa chini ya huruma yake kwa hati au kwa kunyang'anywa mali. Kazi ya kusimamia hayo waliifanya watendaji wasio na ukoo mkubwa, Reginald Bray kwanza, baada ya yeye kufa 1503 wakatamba Richard Empson na Edmund Dudley. Chagua watu wa hivyo, kwa sababu bila wewe hawana lolote, na ndo maana hawakusaliti.

Vita epuka, vina gharama. Ukilazimika, fanya kama 1492, vuka uende Ufaransa, zingira Boulogne kidogo, halafu kubali kulipwa urudi nyumbani: Wafaransa waliahidi krauni 745,000 (sarafu zao za dhahabu) kwa mafungu. Kodi za vita nazo ziogope, maana watu wa Yorkshire, kaskazini, waliasi 1489 wakamuua kabaila mkubwa wa huko, Earl wa Northumberland, na 1497 watu wa Cornwall waligoma kulipia vita vya Scotland, mbali kule, wakatembea mpaka Blackheath nje tu ya London kabla hawajapigwa. Ndo maana miaka yake 12 ya mwisho aliita bunge mara moja tu, 1504.

Tatizo la mfumo huu ni chuki inayojilimbikiza, na mtu akikosa kuipunguza taratibu inamwangukia mrithi. Henry alifariki Richmond tarehe 21 Aprili 1509, wakaficha kifo siku mbili, na kilipotangazwa tu Empson na Dudley wakakamatwa. Hela zilikuwa za mfalme, lawama zikawa zao. Henry VIII, kijana wa miaka 17 anayetaka kupendwa, akafuta hati nyingi na Agosti 1510 akawakata vichwa wote wawili, watu wakashangilia. Heron, yule wa vitabu vya hesabu, hakuna aliyemgusa, aliendelea na kazi yake ile ile.