Jani la Muhogo Lililooza Mfukoni Halipimiki

Majani ya muhogo ya kupimwa ugonjwa wa michirizi ya kahawia bado yanaletwa yakiwa yamefungwa katika mifuko ya plastiki, yamelowa kwa jasho lake yenyewe na kuanza kuwa meusi, na mkulima aliyekwisha kutoa nauli na gharama ya kipimo huambiwa aanze upya wakati mvua za kupandia zimeshaanza.

Virusi vya ugonjwa huu hubeba vinasaba vya RNA, ambavyo hukatikakatika upesi seli za jani zinapokufa kwa joto na unyevu. Maabara huigeuza RNA hiyo kuwa DNA, huizidisha, kisha huitafuta kwa probu, yaani kipande kifupi cha vinasaba kilichotengenezwa makusudi ili kinase kwenye mpangilio wa kirusi tu. Kikinasa, huvunjwa wakati wa kuzidisha na kutoa mwanga unaosomwa na mashine. Mpangilio ukiwa umeharibika, probu haina pa kunasa. Ndiyo maana maabara makini hupima pia jeni ya muhogo wenyewe, na isipoonekana sampuli hukataliwa. Jani lililooza nusu ni la hatari zaidi: jeni ya mmea huonekana, virusi vichache vilivyokuwamo hupotea, na mkulima huondoka na majibu safi akapande ekari nzima ya pingili zenye ugonjwa.

Chuma asubuhi majani yaliyokomaa na yangali kijani, ya katikati ya shina. Ya chini kabisa yanayogeuka manjano yaache. Ndani ya saa moja yatandaze kati ya kurasa kavu za gazeti, yasikunjike wala kupandana, uyakandamize kivulini kwa ubao wenye jiwe juu yake. Badilisha magazeti asubuhi na jioni kwa siku 2 za mwanzo, kisha mara moja kwa siku, mpaka jani likikunjwa livunjike. Kuanika juani au juu ya moshi wa jiko ni kuharibu sampuli. Hili limesemwa mara nyingi mno na halina sababu ya kuendelea kufanyika. Kila mmea uwe na bahasha yake ya karatasi, iliyoandikwa kwa penseli aina ya muhogo, namba ya mmea na tarehe, na namba hiyohiyo ifungwe kwenye shina shambani. Jani lililokauka vyema hubaki na ukijani wake.

Kabla majibu hayajatoka, pingili za mmea huo zisikatwe, wala jirani asigawiwe.